Jina la Soko katika Daftari la Ndoa

Katika bonde letu la Kilombero hapana mtu awezaye kusema kwa haki kwamba wazee wake wote waliota hapa kama matete ya mtoni. Wandamba ndio wa kwanza wa mto, na mitumbwi yao ndiyo iliyowavusha wengine. Wapogoro wako upande wa milima ya Mahenge. Wabena wa mabondeni walishuka kutoka nchi za juu, na Mtema wao Towegale Kiwanga aliandika sura nzima katika kitabu cha Bwana Culwick na mkewe, kilichochapwa mwaka 1935. Nasi Wambunga twasema kwamba tulitoka kusini, pamoja na Wangoni.

Neno hili "kusini" ni fupi kinywani, lakini njia yake ni ndefu mno. Katika nyumba yetu lilikuwa na maana moja tu, yaani Uzulu. Tangu utoto tuliambiwa kwamba babu wa babu yetu alikuwa Mzulu halisi, aliyetoka kwao na mkuki wake na ngao yake ya ngozi ya ng'ombe, akatembea mpaka Ifakara. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Kilichotufanya tuulize ni posa. Mtoto wa ndugu yetu alitaka kumwoa binti wa ng'ambo ya mto, binti mwenye adabu na elimu yake, Mkristo tangu wazazi wake. Wazee walipokutana, shangazi yetu mkubwa akakataa. Akanena, "Nyumba ile ni ya wana wa mateka. Bibi mzaa bibi yao alitekwa vitani akiwa mtoto. Sisi ni Wazulu, damu yetu haichanganywi na ya mateka." Kijana akainama, akasema kwa heshima, "Bibi, nisamehe nikiuliza. Ni nani aliyetuambia kwamba sisi ni Wazulu?" Shangazi akatutazama sisi, ndugu watatu, walimu wawili na mmoja katekista. Akasema, "Hawa wamesoma. Na watafute, waje wakuonyeshe."

Basi tukaanza karibu, katika madaftari ya misioni. Babu yetu alibatizwa mwaka 1927, mtu mzima wa miaka yapata 30. Maandiko ni ya Kilatini, mafupi sana: jina jipya, jina la zamani, jina la baba, na mbele yake neno *paganus*, maana yake hakuwa Mkristo. Jina la baba wa baba halimo, kwa kuwa daftari la ubatizo halikuwa na nafasi yake. Lakini mwaka uliofuata babu alifunga ndoa, na daftari la ndoa linauliza mambo ambayo la ubatizo haliulizi. Sheria ya Kanisa ya siku zile ilikataza watu kuoana mpaka kizazi cha tatu cha ndugu, kwa hiyo Padre alimwuliza kila mmoja ukoo wake. Kwa bibi yetu aliandika ukoo wa Kindamba. Kwa babu aliandika neno moja: *Soko*.

Tulipolisoma neno hili mbele ya wazee, baba yetu mdogo akashika kichwa. "Tumekwisha," akasema. "Alinunuliwa sokoni!" Wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka, wala hofu yake haikuwa ya kijinga. Wasomaji wajua kwamba misafara ya watumwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilishuka mpaka Kilwa, na kwamba soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mtu aliyezaliwa wakati ule angaliweza kabisa kuuzwa. Shangazi akaamuru neno lile lisitajwe tena mpaka tulijue.

Tukahesabu vizazi. Babu alizaliwa karibu na mwaka 1897. Baba yake, kwa kadiri tulivyokisia, karibu na mwaka 1862. Baba wa huyo, ndiye tunayemtafuta, yapasa alizaliwa kati ya mwaka 1825 na 1830. Swali likaja: kwa nini babu, aliyekuwa hodari wa kusimulia, hakutuachia habari za mzee huyo? Jibu ni vita ya Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge, alimokuwamo Kapteni von Hassel na askari wake na bunduki za mzinga. Baba wa babu alikwenda siku ile, hakurudi. Babu alikuwa mtoto wa miaka minane. Baada ya vita ikafuata njaa, na njaa ile iliua wengi kuliko risasi. Serikali ya Kijerumani ilihesabu wafu 75,000 katika nchi yote. Wataalamu wa baadaye wamesema kati ya 250,000 na 300,000. Mtoto aliyebaki na mama yake tu, atapata wapi habari za babu yake? Alibaki na jina la baba, na neno la ukoo, na mwiko mmoja ambao tutautaja.

Mwenzetu mmoja alikwenda Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, yaliko majalada ya Wajerumani. Huko tulisaidiwa na sista mzee aliyeujua mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Atakaye kutafuta katika majalada hayo na ajue kwanza jinsi walivyoandika majina yetu: Wachaga waliwaandika *Wadschagga*, na Ujiji wakaiandika *Udjidji*. Ajue pia kwamba kodi ya mwaka 1898 ilikuwa ya nyumba, na karani alihesabu mapaa, si watu. Tuliona hesabu nyingi. Jina la mzee wetu hatukuliona, wala tusingalitazamia kuliona, maana Serikali huandika jina la mtu inapomtoza, inapomlipa au inapomnyonga.

Ndipo tukageukia vitabu vya wasafiri na wamisioni, na hapo tukagundua jambo la kushangaza: hakuna aliyewaandika watu wale kwa jina walilojiita. Watu wa pwani waliwaita Maviti au Mafiti. Livingstone, alipopanda kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866, aliandika Mazitu. Wamisioni Waingereza wa Masasi, waliovamiwa mwezi wa Septemba 1882, waliandika Magwangwara. Majina matatu, na hofu ile ile moja. Mtu akitafuta neno "Wangoni" peke yake katika vitabu hivi ataondoka mikono mitupu.

Tena hofu hii iliandika uongo. Mwaka ule wa 1866 Musa na wenzake, watu wa Nzwani katika visiwa vya Komoro, walimkimbia Livingstone kwa kuogopa Mazitu. Walipofika Unguja mwezi wa Desemba wakasema bwana wao ameuawa na Mazitu, wakaeleza na jinsi alivyoanguka. Habari ikaandikwa, ikapelekwa Ulaya, na mwaka 1867 Waingereza wakatuma watu kuitafuta kweli, wakakuta kwamba Livingstone yu hai. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu wengine huamini kwamba kilichoandikwa ni kweli, na kilichosimuliwa ni hadithi. Musa aliandikwa, na Musa alidanganya.

Mtu aliyetufaa zaidi ni Joseph Thomson. Mwaka 1879 alikuwa kijana wa miaka 21, na kiongozi wa safari yake, Keith Johnston, alikufa Behobeho tarehe 28 Juni. Thomson akaendelea peke yake kupitia nchi ya Mahenge. Aliandika kwamba watu wale waliotisha jirani zao walivaa kama Wazulu na kushika ngao za Kizulu, lakini alipowachunguza aliona kwamba wameiga tu. Tuliposoma hayo shangazi hakupendezwa. "Mgeni apitaye siku tatu atajua nini?" akauliza. Na kweli, mgeni apitaye haoni mengi. Lakini huona mavazi, na mavazi ndiyo aliyoyaandika.

Sasa yatupasa kueleza kwa ufupi safari yenyewe, maana bila hiyo neno Soko halifunguki. Baada ya vita vikubwa vya Wazulu, katika miaka ya 1820, makundi kadhaa yalikimbia kwenda kaskazini kupitia nchi iitwayo leo Msumbiji. Kundi moja liliongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere, jingine na wakuu wa ukoo wa Maseko. Makundi haya yalikaa miaka kadhaa katika nchi ya Wakalanga, ambao wengi wao leo huitwa Washona, katika Zimbabwe. Zwangendaba akavuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835. Tarehe hii haikuandikwa na karani yeyote. Wazee walisimulia kwamba siku ya kuvuka jua lilikufa, na wataalamu wa nyota wakahesabu siku ya kupatwa kwa jua katika nchi ile, wakaipata. Zwangendaba alifia Ufipa yapata mwaka 1848, na watu wake wakatawanyika. Wamaseko walivuka mahali pengine, wakazunguka upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, wakakaa nchi ya Songea chini ya Mputa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Wangoni wengine, watu wa Zulu Gama na Mbonani, wakawapiga, Mputa akafa, na Wamaseko wakarudi kusini kuvuka Ruvuma mpaka nchi ya Ntcheu, Malawi. Lakini si wote. Kundi moja, lenye Wangoni wachache na watu wengi waliotekwa njiani na katika nchi ya Wandendeule, likaelekea kaskazini, likaingia bonde la Kilombero. Hao ndio Wambunga.

Hapa twataka msomaji atue kidogo. Kundi lililotoka Uzulu lilikuwa dogo. Liliwezaje kuvuka nchi nne na kufika kubwa kuliko lilivyoanza? Kwa kutwaa watoto. Kijana aliyetekwa alipewa mkuki, akawekwa katika kikosi cha rika lake, akafundishwa lugha, naye baada ya miaka kumi alikwenda kuteka wengine. Alipata kuwa mkuu pia. Songea Mbano, nduna ambaye mji wa Songea una jina lake, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, husimuliwa kwamba asili yake ni Wakalanga waliotekwa, si Uzulu.

Lakini kitu kimoja hawakumnyang'anya mateka, nacho ni jina la ukoo wake, ambalo Wangoni huliita *chibongo*. Padre Elzear Ebner wa Peramiho, katika historia yake ya Wangoni iliyotolewa mwaka 1959, na Mchungaji Yesaya Chibambo, Mngoni wa Malawi ambaye kitabu chake kilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1942, walitutia moyo kuyatazama majina hayo. Mtu akisema Maseko, Jere au Gama, ametaja watu waliotoka kusini kabisa. Akisema Moyo, ametaja Wakalanga. Na akisema Soko, ametaja Wakalanga vile vile, maana soko katika lugha yao ni nyani au tumbili, naye ndiye mnyama wa mwiko wa ukoo huo. (Livingstone naye aliandika neno "soko" kwa sokwe wa Manyema, mfanano huo tunawaachia wataalamu wa lugha.)

Tuliposoma hayo, ndugu yetu katekista akanyamaza, kisha akasema, "Mwakumbuka mwiko?" Tulikumbuka wote. Katika mashamba ya Kilombero tumbili ni adui, hula mahindi mabichi mpaka mtu akalia. Watu wa nyumba nyingine wakimwua hawamtupi. Nyumbani kwetu babu alikataza asiliwe kabisa, na alipofariki bibi aliutunza mwiko huo kwa ukali, ingawa yeye ni Mndamba na kwao haukuwako. Alituambia, "Mwacheni, huyo ni mkubwa wenu." Tulidhani ni mzaha wa wazee.

Hata hivyo hatukutaka kutegemea vitabu na tumbili tu. Katekista akapanda treni ya TAZARA hapa Ifakara mpaka Mbeya, akashika basi, akavuka mto Songwe kuingia Malawi. Alikwenda kwanza Mzimba, kwa watu waliofuata wana wa Zwangendaba, kisha Ntcheu kwa Wamaseko. Sehemu zote mbili alikuta watu wa Soko, si mmoja wala wawili. Huko Ntcheu mwalimu mmoja mstaafu alimpeleka kwa mzee aliyepofuka, ambaye alikuwa na namna yake ya kuhesabu watu, kwa mito. Kwanza waliotoka kabla ya Limpopo. Kisha walioingia kati ya Limpopo na Zambezi. Halafu walioingia ng'ambo ya Zambezi. Mwisho wa Ruvuma. Aliposikia Soko hakufikiri hata kidogo. "Ninyi ni wa mto wa pili," akasema. "Ninyi ni Wakalanga, kama sisi." Akataka kushikwa mkono.

Jambo jingine lilimgusa katekista. Wajukuu wa Wangoni wa Ntcheu hunena Kichewa, na wale wa Mzimba Kitumbuka, kama sisi tunavyonena Kimbunga kinachofanana na Kindamba na Kipogoro. Askari walileta ngao na ngoma na majina. Lugha waliitoa akina mama, na akina mama walikuwa wenyeji. Kama tungalitafuta asili yetu kwa lugha, tungaliishia hapa hapa mtoni.

Je, habari ya jua kufa? Nyumbani kwetu nayo husimuliwa kwamba mzee wetu alivuka mto mkubwa jua likafa mchana. Twaona, kwa maoni yetu, kwamba habari hii ni ya watu wa Zwangendaba, nasi tuliipokea baadaye kwa Wangoni wengine, maana kundi letu lilivuka mahali pengine. Ndugu yetu mmoja hakubali. Asema kupatwa kwa jua huonekana mbali, na mtoto wa miaka saba angaliweza kukuona kutoka kijijini kwao, kabla hajatekwa. Hilo nalo lawezekana, hatugombani naye.

Basi twadhani ilikuwa hivi. Mtoto wa Kikalanga, wa ukoo wa Soko, alitwaliwa katika miaka ya 1830. Hakuwa Mzulu. Wala hakununuliwa sokoni. Alivuka Zambezi na Wamaseko, akakua jeshini, akaona kifo cha Mputa, na watu walipogawanyika yeye akaja kaskazini na mtoto mchanga. Katika nyumba yetu husemwa pia kwamba alikuwa na ndugu, na kwamba waliagana karibu na Ruvuma, mmoja akarudi kusini.

Tulimweleza shangazi haya yote jioni moja, pole pole, tukiwa na nakala ya daftari mkononi. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akauliza, "Huyo mtoto alipochukuliwa alikuwa na umri gani?" Tukamwambia, labda miaka saba, labda minane. Akasema, "Sawa na baba yangu vita vya Maji Maji vilipomwachisha na baba yake." Hakusema neno tena usiku ule. Siku ya tatu akatuma mtu kuuliza wale wa ng'ambo wanataka mahari kiasi gani, na akaonya kwamba tusikubali kiasi cha kwanza.

Baba yetu mdogo bado hajaridhika. Asema afadhali tungaliliacha daftari lifungwe, na kwamba kijana yeyote sasa atatuita nyani. Amekwisha kuitwa mara moja, huko kilabuni, akarudi amekasirika sana. Lakini amekubali ndoa, na ndiye aliyetoa mchele.

Nakala za maandiko yote tumeziweka mahali pawili, moja kwa paroko na moja shuleni, zisije zikaliwa na mchwa kwa pamoja. Iliyobaki ni habari ya yule ndugu aliyerudi kusini. Kama wako wasomaji katika Songea, au Ntcheu, au Mzimba, ambao wazee wao hujiita Soko na hawali tumbili, na ambao wamepata kusikia habari ya ndugu wawili walioagana kando ya Ruvuma baada ya kufa kwa Mputa, twawasihi watuandikie.